Siku Wanahisabati Waliposhangilia Kosa

Wenzangu mliobaki kwenye dawati la ufadhili wa utafiti, mlinisihi niandike kuhusu kazi yangu kabla sijasahau. Kusahau sitasahau. Ninachohofia ni kutia chumvi, maana tangu nistaafu nimegundua kwamba nikisimulia kisa mara ya tatu, shujaa huwa ni mimi. Basi nitaandika haraka nikiwa bado kwenye mara ya pili. Vyeo na mishahara sitavigusa. Vyeo vilichelewa, na mishahara mnaijua wenyewe.

Wale ambao hatukuwahi kukutana, kuna jambo moja mnapaswa kulijua mapema. Mimi nikishikwa na hofu nacheka. Si dharau, ndivyo nilivyoumbwa. Nilicheka kwenye mahojiano ya kazi, nilicheka mbele ya katibu mkuu, na siku ya harusi yangu nilicheka madhabahuni mpaka padri akaniuliza taratibu kama nimelazimishwa. Kwa hiyo kila mtakaposoma kwamba nilicheka, jueni mambo yalikuwa yameharibika.

Nilianza Machakos mjini, katika ofisi ya wakaguzi wa miradi ya serikali. Mkuu wetu alikuwa Mzee Muthama, mtu mwembamba aliyevaa koti hata jua likiwaka Januari. Siku ya kwanza alinitazama miguuni kabla ya kunitazama usoni.

"Mwaitu, mama, hivyo viatu ni vya harusi," akasema. "Sisi tunaenda Kithyoko."

Kithyoko tulikwenda kukagua tangi jipya la maji. Mkandarasi alikuwa ametuandalia mapokezi: kina mama wanaimba, mbuzi yuko motoni, viti vimepangwa kivulini. Mzee Muthama aliwasalimia wote, akawapita, akaenda moja kwa moja kwenye tangi. Akatoa nyundo ndogo mfukoni, akagonga ukuta, akaweka sikio. Halafu akanipa mimi ile nyundo.

"Gonga. Sikiza."

Niligonga nisisikie kitu.

"Sasa gonga huku."

Hapo nikasikia. Upande mmoja ukuta ulijibu kwa sauti nzito, upande wa pili ulijibu kama debe tupu. Nilicheka, na mkandarasi naye akakumbuka ghafla kwamba nyama iko tayari. Mzee Muthama akamwambia nyama ingoje, maana ukuta ule unajengwa upya. Tulirudi Machakos na njaa, mimi nachechemea kwa viatu vyangu vya harusi, na sijawahi kufurahi vile. Nilikuwa nimesikia uongo kwa sikio langu mwenyewe, ndani ya saruji.

Njiani akanipa sheria yake ya pekee. "Usiweke sahihi kwa kitu hujagusa." Hakuwa na sheria nyingine, na kwa miaka mingi sikuhitaji nyingine. Niligusa majosho, visima, madarasa, maghala ya mahindi na madaraja. Karibu na Konza, enzi hizo kukiwa na ng'ombe watupu, niligusa josho moja ambalo fahali wa ranchi aliliona kuwa lake, nikakagua sehemu iliyobaki nikiwa juu ya ukuta. Wakaguzi wenzangu walipenda kuniita Mama Mkono.

Mzee Muthama alipostaafu, nilihamishiwa kwenu, kwenye ufadhili wa utafiti. Nilidhani kugusa kumeisha. Wapi! Maabara zina vitu vingi vya kugusa kuliko shamba. Siku moja nilishika mashine ya kupimia udongo ikanirusha kwa umeme, nikaandika kwenye ripoti kwamba inafanya kazi. Mlicheka sana siku hiyo, na mimi nilicheka kwa sababu mkono ulikuwa bado hauna hisia.

Kisha, miaka yangu ikiwa inayoyoma, serikali ikatangaza kwamba itafadhili utafiti wa hisabati wa kusaidia viwanda vya teknolojia ya kwanta. Bosi wangu alinipa mradi mmoja wa Machakos akisema ni mwepesi, unafaa kwa mtu anayekaribia kupumzika. Nikavaa viatu vya kazi, nikabeba nyundo, nikaenda.

Chuo chenyewe sitakitaja, lakini kutoka dirishani unaiona milima ya Iveti. Mkuu wa mradi alikuwa Daktari Mwende, mwanamke mwenye umri wa binti yangu wa kwanza, mrefu, ana chaki hadi kwenye nyusi. Pamoja naye walikuwapo wanafunzi wachache wa shahada za juu. Chumba kilikuwa na ubao, viti, birika la chai na basi.

"Karibu, madam. Chai?"

"Nitakunywa nikimaliza," nikasema, maana hivyo ndivyo nilivyofundishwa na yule mbuzi wa Kithyoko. "Kwanza nionyeshe mashine."

"Hakuna mashine."

"Inaletwa lini?"

"Hailetwi. Hizo kompyuta za kwanta ziko ng'ambo. Sisi tunafanya hesabu yake."

"Sasa mimi nikague nini?"

Akafikiri kidogo, akanipa chaki. Nikaigusa. Ilikuwa chaki.

Nilicheka, naye kwa kuwa hakunijua akadhani nimefurahi, akaanza kunieleza. Alisema kompyuta hizo huhifadhi habari ndani ya vitu vidogo mno, na vitu hivyo hukosea kila mara: joto kidogo, mtikisiko kidogo, tayari vimepotoka. Kinachotakiwa ni kulijua kosa na kulirekebisha.

"Si muangalie tu iliyokosea ni gani?"

"Hapo ndio kuna shida, madam. Hiyo kitu ukiiangalia ujue imebeba nini, umeiharibu. Hauwezi kuigusa."

Wenzangu, mwazieni Mama Mkono ameketi pale. Maisha yangu yote nimekula kwa kugusa, na sasa serikali imenituma kukagua kitu ambacho ukikigusa kimekufa. Nilicheka mpaka nikashika meza.

"Sasa mnajua aje?" nikauliza nilipopata pumzi.

"Tunauliza majirani," akasema. "Tuseme wewe na Mama Kioko mnakaa nyumba zimepakana. Mimi siwezi kuwauliza siri ya nyumba zenu. Lakini naweza kuwauliza, nyinyi wawili mnapatana? Mkisema hapana, najua kuna kitu imeharibika hapo katikati yenu. Nikiuliza majirani wote mtaani hivyo, wawili wawili, najua nyumba yenye shida bila kufungua mlango yoyote."

Kazi yao, akasema, ilikuwa kuupanga huo mtaa. Nani apakane na nani, ili kosa lolote likitokea lisiwe na pa kujificha, na nyumba zenyewe zisiwe nyingi kupita kiasi, maana kila nyumba ni gharama. Huko Konza kampuni moja changa ilikuwa ikisubiri mpangilio huo itengeneze programu ya kuuzia wenye kompyuta zile. Nilikunywa chai yangu kabla ya kumaliza ukaguzi, mara ya kwanza katika maisha yangu ya kazi, na nilirudi nyumbani kichwa chepesi kama niliyekunywa kitu kingine. Mume wangu nilimweleza habari za majirani mpaka ugali ukapoa, akaniuliza huyo Mama Kioko ni nani na ametukosea nini.

Matatizo yalianzia kwetu, si kwao. Kanuni zetu zilisema kila mradi uwe na mali, na kila mali iwe na nambari ya serikali. Karani wa mali akatumwa na rangi yake ya mafuta. Alitafuta kitu cha kupaka, akakuta ubao, na kwa kuwa kanuni ilisema nambari ionekane kutoka mlangoni, akaipaka katikati kabisa, nyeupe, kubwa, haifutiki. Nilipofika wiki iliyofuata niliwakuta wameizunguka kwa hesabu pande zote kama shimo la barabarani. Wanafunzi walipaita pale "Serikali". Utamsikia mtu akisema, "Rudi kwa ile mstari iko chini ya Serikali," na hakuna anayecheka isipokuwa mimi.

Niliwazoea. Nilianza kwenda hata siku ambazo sikupaswa kwenda. Hisabati yenyewe sikuielewa wala sitadanganya kwamba niliielewa, lakini nilipenda kuwatazama. Na palikuwa na desturi yao moja ambayo ni lazima niieleze, maana bila hiyo hamtaelewa yaliyofuata.

Mnajua malezi yetu. Ukambani mtoto hamwambii mwalimu "umekosea". Atanyamaza kwa adabu, hata kama mwalimu anaingia mtaroni na darasa zima. Wanafunzi wa Mwende walikuja hivyo hivyo, wana heshima hadi inawaziba midomo. Yeye akaweka sheria: atakayepata tundu katika uthibitisho wa mtu mwingine, mwenye uthibitisho anamnunulia soda, na wote waliopo wanampigia vigelegele. Yaani vigelegele vya kweli, vile vinavyopigwa mtoto akizaliwa. Mwanzoni walipiga kwa aibu. Nilipowafahamu mimi walikuwa wameshakolea, na walinzi wa chuo walikuwa wameacha kuja mbio.

Awamu ya kwanza ya fedha ikakaribia mwisho. Ili awamu ya pili ipite, kamati ilipaswa kuja yenyewe kuona. Mwenyekiti alikuwa Mhandisi Kilonzo, mtu wa maji, amejenga mabwawa nusu ya Ukambani, na hakuficha mawazo yake.

"Madam Ndinda," akaniambia ofisini, "mimi nimetoka shule kitambo, lakini hesabu ni hesabu. Tunalipia nini? Chaki?"

"Tunalipia kufikiri, Mhandisi."

"Kufikiri nafanya bure kila siku. Nionyesheni kitu inashikika."

Mwende naye alikuwa ameitwa kazi ng'ambo, kwenye chuo kikubwa, na walitaka jibu kabla ya wiki kuisha. Hakunificha. "Madam, mimi nataka kukaa. Mama yangu yuko hapa Mumbuni, wanafunzi wangu wako hapa. Lakini kama hii haipiti, hawa watoto siwezi kuwalisha na chaki." Akiondoka yeye, kikundi kimekufa, kila mtu alijua. Kamene, mwanafunzi wake hodari kuliko wote, msichana wa Masii asiyesema sana, alikuwa tayari ameanza kuuliza nafasi za ualimu kwao. Nilikuwa nimebakiza kazi hiyo moja tu kabla ya kustaafu. Nimepoteza miradi mingi na kulala vizuri, lakini huu nilikuwa nauombea kwa Mungu waziwazi.

Siku ya kamati walikuja kwa magari mawili. Mhandisi Kilonzo akaketi mbele, mikono imefungwa kifuani. Njoroge, mwenye ile kampuni ya Konza, alikuwa amealikwa aseme kwa nini hesabu hizi zinamfaa, akaketi pembeni na shati lake jipya. Niliwanong'oneza wanafunzi wawe na utulivu. Mwende akasimama mbele ya ubao, akazunguka Serikali kwa ustadi, akaanza.

Alisema vizuri. Alieleza majirani, na nikaona mikono ya Mhandisi imefunguka kidogo. Alieleza mtaa waliouchora na jinsi walivyothibitisha kwamba hakuna kosa la namna fulani linaloweza kupita humo bila kuonekana. Nilianza kupumua. Karibu afike mwisho, nikamwona Kamene anasogeasogea kwenye kiti kama aliyekalia siafu. Nikamkazia macho. Akatazama chini, akatazama ubao, akainua mkono.

Nilijua. Mungu wangu, nilijua, na kicheko kikaanza kunipanda tumboni.

"Daktari," akasema Kamene polepole, "huo mstari wa nne. Umesema kila nyumba iko na majirani ambao hawajuani. Lakini zile za pembeni? Hizo za pembeni majirani wake wanajuana."

Mwende akageuka akautazama ubao. Kamati nzima ilikuwa inautazama mgongo wake.

"Makosa mawili yakikuja pamoja hapo pembeni," Kamene akaendelea, sauti imeshuka, "yanafichana. Hakuna jirani atasema."

Mwende akaufuata mstari wa nne kwa kidole hadi nyumba za pembeni, na safari ile kwangu ilikuwa ndefu kuliko utumishi wangu wote. Kisha akaweka chaki chini, akageuka, na uso wake, wenzangu, uso wake ulikuwa unang'aa.

"Ni kweli," akasema. "Nimekosea. Hii uthibitisho haisimami."

Na wale wanafunzi, niliowaomba utulivu, wakaachia vigelegele. Wote. Mmoja alisimama juu ya kiti. Mwende mwenyewe alipiga kuliko wote, akatoa pesa mfukoni kumtuma mtu soda ya Kamene, na Kamene aliyekuwa karibu kulia sasa anacheka amejifunika uso. Mimi nilikuwa nimeshashindwa kujizuia. Nilicheka mpaka machozi, nimeinama, maana niliona fedha, mradi na kustaafu kwangu kwa heshima vyote vinatoka mlangoni vimeshikana mikono.

Mjumbe mmoja wa kamati akauliza kwa sauti, "Kwani wamepata?"

"Wamekosa," nikasema, nikifuta macho.

"Sasa wanashangilia nini?"

Mhandisi Kilonzo alikuwa amesimama. Alingoja vigelegele viishe, kisha akamgeukia Njoroge.

"Wewe mtu wa Konza. Ulikuwa unangojea hii kitu. Imevunjika. Uko na maoni gani?"

Njoroge alikuwa amekaa mdomo wazi. "Mhandisi, sisi Jumatatu tulikuwa tuanze kuandika programu juu ya huo mpango. Watu wangu wote. Tungeandika mwaka mzima, tuuzie watu, halafu ikataa huko nje mbele ya wateja." Akajipangusa shingo. "Huyu msichana ameniokoa leo. Soda ni kidogo."

Mhandisi akasogea mpaka kwenye ubao. Akaitazama ile mistari kwa muda, mikono nyuma, akaitazama na ile nambari nyeupe ya serikali katikati. Akamwita Kamene amwonyeshe nyumba za pembeni. Kamene akamwonyesha, kwa adabu, kwa kidole kisichogusa ubao. Akauliza swali moja, kisha lingine. Swali la tatu lilimfanya Mwende aseme "aah", na wakaanza kuzungumza watatu kwa pamoja, wakisahau kwamba kuna kamati.

Baadaye alitutoa nje, kamati na mimi, tukasimama kwenye nyasi karibu na magari. Nilikuwa nimejiandaa. Nilikuwa na hotuba kichwani kuhusu uvumilivu, kuhusu taifa na kesho yake, hotuba mbaya sana.

"Mimi nimekaa kwa kamati za serikali tangu nywele zikiwa nyeusi," akasema Mhandisi Kilonzo. "Nimeonyeshwa bwawa bila maji, nikaambiwa maji yako njiani. Nimeonyeshwa barabara usiku ndio nisione. Sijawahi kuona mtu anaomba pesa, anasimama mbele ya wenye pesa, anasema mwenyewe, nimekosea. Na watu wake wanapiga vigelegele." Akatutazama mmoja mmoja. "Kama kuna mtu anapinga, apinge sasa, kwa sababu mimi naenda kuweka sahihi."

Hakuna aliyepinga. Yule mjumbe aliyeuliza wanashangilia nini alitaka tu kujua kama soda zimebaki.

Nilirudi ndani mbio, kwa umri wangu, ninagonga viti. Mwende na Kamene walikuwa wamefuta nusu ya ubao, chaki zinaruka, wanachora mtaa mpya ambao nyumba zake za pembeni zimepinda na kukutana kwa nyuma, ili pasiwe na pembeni tena. Chupa ya Kamene ilikuwa imesahauliwa dirishani, haijafunguliwa. Nilisimama nyuma yao nikihema.

"Daktari," nikasema. "Imepita. Awamu ya pili imepita."

"Ni muvea, asante, madam," akasema bila kugeuka. "Ngoja kidogo tu. Kamene, hii ikipinda hivi, nani anapakana na nani?"

"Daktari, mmepewa! Sasa wale watu wa ng'ambo waliokuita kazi utawaambia nini?"

Alisimamisha chaki. Akageuka akanitazama, na nikaona wazi kwamba anatafuta kichwani mwake ninazungumzia kitu gani.

"Watu gani?" akauliza.